Siku Kumi Kutoka Tabora Hadi Pwani: Wakala Anayejua Kusafirisha, Asiyejua Kuchagua Miji

Ofisi ya wakala wa safari ninayoieleza hapa ipo Tabora mjini, juu ya maduka ya vipuri vya baiskeli, na sitaitaja kwa jina kwa sababu malalamiko yangu nimekwisha kuwapelekea wenyewe kwa maandishi, na pia kwa sababu vifurushi vinavyofanana na chao nimeviona kwa mawakala wengine. Walichoniuzia wanakiita kifurushi cha miji ya kale ya pwani: siku kumi, watu wasiopungua wanne, shilingi 1,150,000 kwa kila mtu, ndani yake zikiwamo nauli zote, malazi pamoja na kifungua kinywa, viingilio vya makumbusho na magofu, na malipo ya waongozaji. Chakula cha mchana na cha jioni kila mtu anajitegemea. Tulisafiri wanne: mimi, mke wangu, binti yetu aliye kidato cha tatu, na shangazi yangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye alikuwa hajawahi kuiona bahari ingawa babu yake, kwa maelezo yake, alikwenda Bagamoyo mara tatu kwa miguu akiwa pagazi.

Ratiba waliyotuandalia mwanzoni ilikuwa na miji sita. Bagamoyo ilipewa saa mbili, nasi tungelala usiku mmoja Unguja, mmoja Tanga, mmoja Mombasa na mmoja Lamu, kisha tungeteremka pwani nzima hadi Kilwa kwa usiku mwingine mmoja, na kutoka huko turudi Tabora. Nilifundisha jiografia kwa miaka 29, na mazoea hayaachi: nilichukua ramani na penseli, nikachora njia hiyo, nikaona kwamba Lamu iko karibu na mwisho wa kaskazini wa pwani ya Kenya, na Kilwa iko kusini ya Dar es Salaam kwa mwendo wa karibu siku nzima ya basi. Mtu anayelala Lamu usiku wa saba hawezi kuamka Kilwa siku ya nane, labda awe ndege. Nilirudi ofisini na ramani yangu.

"Shikamoo Mwalimu," alisema binti anayepokea wateja, "wateja wanapenda idadi. Ukiwaambia miji sita wanalipa, ukiwaambia mitatu wanauliza mbona michache."

"Marahaba, mwanangu. Na Bagamoyo kwa saa mbili?"

"Bagamoyo ni ya kupitia tu, Mwalimu. Mnaangalia ngome, mnapiga picha, mnaendelea."

Sikumlaumu, kwa kuwa ratiba hakuitunga yeye. Hata hivyo, maneno yake yaliniambia yote niliyotakiwa kujua kuhusu kifurushi hiki kabla sijalipa nusu ya kwanza. Miji ilikuwa imepangwa na mtu aliyeitazama pwani kutoka pwani, kana kwamba mteja wake anaanzia hotelini Dar es Salaam. Anayeanzia Tabora ana zaidi ya kilomita 800 za reli kabla hajainusa chumvi, na anayeanzia Kigoma ana zaidi ya kilomita 1,200. Siku mbili za mwanzo na mwisho zimekwisha kuliwa na njia. Zinazobaki ni nane, na kila mji unaoongezwa unakula nusu siku au siku nzima ya kwenda, mbali na siku ya kuutazama. Ndiyo maana kwa mtu wa huku nashauri miji mitatu kwa siku kumi, basi. Baada ya mabishano ya adabu yaliyochukua juma zima, wakala alikubali kutuachia Bagamoyo, Mji Mkongwe wa Unguja na Kilwa, kila mmoja siku mbili za kulala, kwa bei ileile. Bei kutopungua hata shilingi moja wakati miji imepungua nusu ni jambo nililolieleza katika barua yangu, na nitalirudia mbele.

Kwanza niseme kwa nini tuliyoiacha tuliiacha, maana wapo watakaoona tumepunjika. Mombasa ina Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo Waomani waliizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698. Iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 na inastahili. Lamu iliingia katika orodha hiyo mwaka 2001, na wanaoijua pwani wanaitaja kuwa mji wa Waswahili uliohifadhika kuliko yote, wenye vichochoro ambamo punda ndiye gari. Lakini kutoka kwetu ni kuvuka mpaka kwa hati za kusafiria, kubadili fedha, basi refu hadi Mokowe, na boti juu yake. Hiyo ni safari yake yenyewe, ya siku kumi zake, na mtu akitaka kuifanya aiunganishe na Malindi na magofu ya Gedi, asahau Kilwa. Tanga niliiacha kwa moyo mzito zaidi, kwa sababu magofu ya Tongoni yako jirani, na kwa sababu ya vita vya Novemba 1914, ambamo kundi la nyuki lilivurugwa na risasi likawashambulia askari waliokuwa wametumwa na Waingereza. Sisi tunaoishi kwa asali tungesimama pale kwa fahari fulani. Tanga ingekuwa mji wangu wa nne, kama kungekuwa na siku ya kumi na moja na ya kumi na mbili.

Upande wa usafiri sina budi kuwasifu. Walituondoa Tabora alfajiri kwa basi la kupitia Itigi na Manyoni hadi Dodoma, tukafika alasiri, na jioni hiyohiyo tukapanda treni ya kisasa ya reli mpya kwenda Dar es Salaam, tukalala mjini kabla ya usiku kuwa mkubwa. Treni ya zamani ya reli ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bado ninaipenda, na kwa mtu mwenye muda ni safari ya heshima yenye stesheni ambazo kuku wa kuchemsha huuzwa dirishani. Lakini inachukua usiku na mchana, na shangazi yangu ana magoti ya miaka 71. Tiketi zote zilikuwa tayari, majina yameandikwa sawasawa, na mtu wao wa Dodoma alitungoja kituoni akiwa na maji ya kunywa. Walitukumbusha pia kila mtu mzima achukue kitambulisho cha taifa, jambo lililotufaa sana bandarini, kwa kuwa nauli ya boti ya Unguja kwa raia ni tofauti na ya mgeni na wanaihakiki kweli.

Sasa Bagamoyo, ambayo wakala aliipa saa mbili na ambayo sisi tuliilalia usiku mbili na bado hatukuimaliza.

Mtu wa Tabora anapaswa kuelewa kwamba Bagamoyo na mji wake ni ncha mbili za kamba moja, na ya tatu ni Ujiji. Misafara ya pembe na ya watumwa iliyokusanywa Ujiji na ng'ambo ya ziwa ilikuja Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, ikapumzika, ikabadili wapagazi, ikashuka Bagamoyo. Nguo, shanga, waya na bunduki zikapanda kwa njia hiyohiyo. Sehemu kubwa ya mabega yaliyobeba mizigo hiyo yalikuwa ya Wanyamwezi, walioajiriwa kwa ujira na waliouhesabu msafara wa pwani kuwa sehemu ya utu uzima wa kijana. Kwa hiyo ukisimama katika jengo la Caravanserai pale Bagamoyo, ambako mwongozaji anaeleza habari za mahali wapagazi walipofikia na mizigo ilipopimwa, unasikia habari za watu wa kwenu zikisimuliwa na mtu wa pwani. Kwa mgeni wa kutoka Ulaya ni ua lenye kuta za udongo na picha chache. Kwa shangazi yangu palikuwa mahali pa kuvua viatu, na alivivua.

Mwongozaji tuliyepewa alikuwa Mzaramo wa makamo, na hapa lazima niseme kwamba wakala alibahatika, kwa sababu sidhani kama alimchagua kwa kukusudia. Mara tu aliposikia tumetoka Tabora, aliacha hotuba yake ya kawaida.

"Kumbe watani wangu wamerudi! Shikamoo bibi. Safari hii mmekuja bila pembe?"

"Marahaba. Pembe tulikuletea zamani," shangazi alimjibu, "na hujalipa mpaka leo."

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa katika njia hiyo ya misafara, na tangu hapo hadi tunaagana tulitembezwa kama ndugu wanaodaiana. Alitueleza maana mbili za jina la mji. Moja ni ya majonzi, kwamba mtumwa aliyefikishwa ufukweni alibwaga moyo wake kwa kuwa hakuwa na tumaini tena la kurudi. Nyingine ni ya pagazi, kwamba akiona bahari hutua mzigo na kuubwaga moyo upumzike. Yeye alituachia tuchague. Shangazi alisema babu yake alitumia ya pili, na mimi namwamini babu yake, ingawa nilipoitazama Ngome Kongwe, iliyojengwa mwaka 1860, sikuona sababu ya kuikataa ile ya kwanza.

Siku ya pili asubuhi tulikwenda Misheni, ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Makumbusho yao yamepangwa vizuri kuliko mengi niliyoyaona nchini, na ndani yake habari za watumwa waliokombolewa na kijiji chao zimeelezwa bila kupaka sukari. Mnara wa kanisa la zamani ndio unaotajwa kwa jina la Livingstone, na hapa binti yangu aliniuliza swali ambalo mwalimu hulisubiri: kwa nini Livingstone awe kila mahali, kwetu Kwihara, Ujiji, na hapa? Jibu ni kwamba ni njia ileile. Ujiji ndiko Stanley alikomkuta Novemba 1871. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, alikaa sehemu kubwa ya mwaka 1872 akingoja wapagazi, akaondoka Agosti kwenda kusini, na alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake hapo, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba hadi Unyanyembe na kutoka hapo hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Katika kitabu cha kidato cha tatu habari hiyo ni sentensi moja. Kwa mtu aliyetoka kupita njia hiyo kwa basi na treni na bado kiuno kinamuuma, ni jambo jingine kabisa.

Alasiri tulikwenda Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji kwa bajaji. Kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, yenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi yenye nguzo ndefu, na mbuyu ambao kila mgeni anaambiwa auzunguke. Kaole ndipo wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipoanzia Juni 1857, na walifika Kazeh, yaani Tabora yetu, Novemba. Miezi mitano. Shangazi, ambaye ndani ya basi alilalamika kuanzia Itigi hadi Manyoni kwamba viti vimebana, alinyamaza kidogo.

Katika ratiba ya awali Kaole haikuwamo kabisa, wala Misheni. Wangetupitisha Ngome Kongwe na soko la samaki, ambalo ni zuri na lina pweza wa kukaanga wa kutosha, kisha wakaturudisha barabarani. Hilo ndilo kosa kubwa la kifurushi hiki, na nililieleza kwao hivyo: wanamuuzia mtu wa Tabora mji unaomhusu kuliko yote kwa kipimo kidogo kuliko yote.

Unguja haihitaji nitetee sababu za kuichagua. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyumba ya wageni tuliyopewa ilikuwa ndani ya mji wenyewe upande wa Mkunazini, safi, yenye ngazi za mwinuko mkali ambazo wakala angeweza kutuonya mapema kwa ajili ya mzee. Asubuhi ya kwanza tulikwenda Kanisa Kuu la Kianglikana, lililoanzwa kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Mwongozaji wa pale, kijana mpole na msomi, alituonyesha vyumba vya chini ambamo watu huingia wakiwa wameinama, na msalaba wa mbao unaosemwa kuwa umetokana na mti uliokuwa juu ya moyo wa Livingstone kule kwa Chitambo. Binti yangu alinitazama. Siku tatu nyuma tulikuwa tumesimama mahali mwili ulipopita. Miji ikichaguliwa vizuri hufanya kazi hiyo: mmoja unamalizia sentensi ya mwingine.

Mchana tulipita mbele ya nyumba ya Tippu Tip, upande wa Shangani, ambayo wageni wengi huipita bila kujua. Watu wa Tabora wasiipite. Baba yake aliishi Tabora na alioa binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na mwanawe alijenga biashara ya pembe na ya watumwa iliyofika hadi ndani ya Kongo kwa kutegemea njia na watu wa kwetu. Si habari ya kujivunia, lakini ni yetu. Jioni Forodhani, ambako urojo ni mtamu na bei inategemea unavyozungumza. Mke wangu alizungumza vizuri, mimi nililipa zaidi.

Hapa ndipo nilipopata lalamiko langu la pili. Kipeperushi cha wakala, chenye rangi nyingi, kilikuwa na picha kubwa ya Beit-al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, na chini yake maneno kwamba kiingilio cha kutembea ndani kimelipiwa. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nasi tulipofika tuliliona kutoka nje ya uzio kama kila mpita njia. Kuporomoka kwake kulitangazwa nchi nzima. Mtu anayeuza safari za kwenda Unguja na bado anauza kiingilio cha jumba hilo hajafika huko siku nyingi, au anafika bila kuangalia. Ni kiasi kidogo cha fedha, lakini kilinifanya nianze kukagua kila mstari wa kipeperushi, na mteja aliyefika hatua hiyo hasafiri kwa raha.

Kilwa ilikuwa na tatizo la namna nyingine. Barabara ya kusini ni nzuri wakati wa kiangazi, lakini wakati wa masika ina historia ya kukatika maeneo ya Somanga, kama ilivyokuwa Mei 2024, hivyo asiyetaka kulala njiani asiende kati ya Machi na Mei. Sisi tulikwenda Agosti na tulifika Kilwa Masoko alasiri bila shida. Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, lakini huendi bila kibali, na kibali hutolewa Masoko; wakala alikuwa ametuambia kila kitu kimeshughulikiwa, kumbe hakuna kilichoombwa. Maofisa walitusaidia kwa haraka na kwa upole, tukalipa wenyewe, lakini asubuhi ilikuwa imekwenda na maji yalikuwa yanakupwa. Mashua ya injini ilituvusha kwa dakika chache tu, kisha ikakwama kabla ya nchi kavu, tukateremka na kutembea ndani ya maji yanayofika magotini. Shangazi alibebwa mgongoni na baharia mmoja, naye aliendelea kumwelekeza njia kana kwamba amepanda punda. Wenye wazee, ulizeni saa za kujaa na kupwa siku moja kabla. Hilo wakala angelijua kwa simu moja.

Na baada ya hayo yote, Kilwa Kisiwani ndiyo iliyonyamazisha kundi letu. Mji huu ulishika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, katika Msumbiji ya leo, ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba, na msafiri Ibn Battuta aliyeutembelea mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 na ulipanuliwa baadaye kwa matao na kuba, bado una nguzo zilizosimama zikipokea mwanga kwa namna ambayo picha haionyeshi. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, liko juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba vinavyozidi mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Mwaka 1505 Wareno waliupora mji, na haukurudi tena kuwa ulivyokuwa. Sasa kuna kijiji, mbuzi, minazi, na watoto wanaotoka shule wakipita katikati ya magofu bila kuyatazama, kama sisi tunavyopita chini ya miembe ya Tabora bila kuuliza nani aliipanda. UNESCO iliyaorodhesha magofu haya mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya matengenezo, ambayo kazi yake inaonekana kwa macho.

Kwa uaminifu niseme kwamba Kilwa haituhusu kwa ukaribu kama Bagamoyo. Misafara ya Kilwa Kivinje ilielekea Ziwa Nyasa, si kwetu, na mwongozaji wa Kilwa hakuwa na la kututania. Mtu mwenye siku sita tu achukue Bagamoyo na Unguja, aiache Kilwa kwa mwaka mwingine. Mwenye siku kumi asiiache, kwa kuwa ni hapo ndipo unapoona kwamba pwani ilikuwa na mawe, sarafu na wafalme karne tano au sita kabla ya msafara wa kwanza wa Mwarabu kukanyaga Unyanyembe. Kivinje tulipita saa mbili wakati wa kurudi, tukaona nyumba za zamani zinazobomoka kimyakimya, na saa mbili zilitosha.

Kuhusu malazi sina mengi. Bagamoyo nyumba ya wageni ilikuwa nzuri kuliko bei yake. Kilwa Masoko maji yalikuwa ya ndoo na feni ilifanya kazi umeme ulipotaka. Dar es Salaam, ambako tulilala mara tatu za kupita, tuliwekwa karibu na kituo cha mabasi na kelele zake. Kifungua kinywa kila mahali kilikuwa chapati, maharage, chai na matunda, isipokuwa Unguja walikotuongezea mkate wa mofa, na tangu siku hiyo mke wangu anaulizia mofa kwa kila duka la mkate la Tabora.

Baada ya kurudi niliandika barua yenye mambo matatu: kiingilio cha Beit-al-Ajaib kilichouzwa bila kuwapo, kibali cha Kilwa nilichojilipia, na bei ambayo haikushuka miji ilipopungua. Ndani ya wiki mbili walinirejeshea fedha za mambo mawili ya kwanza, kwa risiti, pamoja na pole. La tatu walilikataa wakisema siku za kulala zilibaki kumi. Usiku ulikuwa tisa, na niliwaandikia hivyo, lakini hesabu ya gharama zao siijui na sikutaka kuendelea kubishana na watu waliotufikisha na kuturudisha salama, wote wanne, kwa wakati, hadi mlangoni.

Je, ningewatumia tena? Kwa tiketi, treni, boti na vitanda, ndiyo, bila kusita. Kwa kuchagua miji, hapana. Huko mteja aende na orodha yake mkononi na asikubali kuongezewa. Wenzetu wa Kigoma na Ujiji waongeze siku mbili juu ya hesabu yangu, au wapunguze mji mmoja, na mji wa kupunguza usiwe Bagamoyo.

Juzi nilipita chini ya ofisi hiyo nikitafuta mnyororo wa baiskeli, binti yule akaniita kutoka dirishani nipande nikaone kipeperushi kipya. Miji imekuwa minne: Bagamoyo, Unguja, Tanga na Kilwa, kwa siku kumi na mbili, na Bagamoyo imepewa usiku mmoja na alasiri ya Kaole. Nilimpongeza. Picha ya Beit-al-Ajaib bado iko ukurasa wa kwanza.